Mto ukipewa haki zake, mama yangu atahamia wapi?

Swali: Wakili, salamu. Nimezaliwa na kulelewa Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na niko kwenye kikundi cha vijana tunaosafisha mto kila Jumamosi na kupanda miti kingoni. Majuzi tulipata mgeni akatueleza kwamba kuna nchi ambazo mto umepewa haki kisheria kama mtu, ukiharibiwa unaweza kwenda kortini, na kwamba sisi wa Nairobi nasi tudai vivyo hivyo. Wenzangu walishangilia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu mama amekodi chumba cha mabati hatua chache kutoka majini, na mwaka 2024 majirani zetu walibomolewa kwa jina la mto huohuo. Sasa nauliza: mto ukipewa haki, haki ya mama inakwenda wapi? Na mimi nisimame upande gani?

Jibu: Dada yangu, nitakujibu kwanza, maelezo yafuate. Ungana na wenzako kudai haki za mto. Lakini sheria itakayoletwa, kama haitaji kwa maandishi ni nani atakayeusemea mto na mama yako atahamia wapi, ikataeni. Mimi mwenyewe niko tayari kuipinga kortini sheria ya namna hiyo, ingawa kutetea mito ndiyo kazi yangu.

Sheria haijawahi kusema kwamba mwenye haki ni lazima awe na damu na nyama. Kampuni haina mwili, na bado inamiliki ardhi, inashtaki na kushtakiwa. Mwaka 1972 msomi wa sheria wa Marekani, Christopher Stone, aliuliza kwa nini msitu na mto visipewe nafasi hiyohiyo, viwe na mlezi wa kuvisemea mahakamani jinsi mtoto mdogo anavyosemewa. Ecuador ililiandika jambo hilo katika katiba yake ya 2008. Jirani zetu wa Uganda wameliweka katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Kenya bado.

Popote sheria hii ilipopita, mimi hutazama mlezi ni nani. Mto hauna mdomo. Atakayeshika kalamu kwa niaba yake ndiye atakayeamua nani aitwe mharibifu, nani aondoke kwanza, na nani aachwe asubiri.

Chukua New Zealand. Mto Whanganui ulipata hadhi ya mtu kisheria mwaka 2017, na watu husimulia habari hiyo kana kwamba wabunge waliamka siku moja wakauonea mto huruma. Sivyo. Wamaori wa Whanganui, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa wakiudai mto wao tangu karne ya 19. Sheria ya 2017 ilikuwa mapatano ya kumaliza dhuluma hiyo: walezi ni wawili, mmoja anateuliwa na serikali na mwingine na Wamaori wenyewe, na serikali ililipa fidia ya dola za nchi hiyo milioni 80. Watu waliodhulumiwa ndio waliouletea mto haki yake.

Kolombia ni vivyo hivyo. Waliokwenda kortini kuhusu mto Atrato walikuwa jamii za watu weusi na wenyeji wa asili wa Chocó, ambao maji yao yalikuwa yakitiwa zebaki na wachimbaji haramu wa dhahabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliutambua mto kuwa na haki, ikaamuru serikali na jamii hizo wawe walezi kwa pamoja, na katika hukumu hiyohiyo ikaiagiza serikali ipange jinsi wakazi watakavyopata chakula na riziki. Hilo la chakula halitajwi sana. Mimi naliona ndilo uti wa mgongo wa hukumu ile.

Sasa tazama Bangladesh. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ilitangaza mito kuwa viumbe hai vyenye haki, na mlezi akawa tume ya serikali. Mwaka huohuo kukawa na ubomoaji mkubwa kando ya mito ya Dhaka. Majengo ya wenye uwezo yaliguswa, ni kweli, lakini vibanda vya maskini navyo vilikwenda, na mwenye kibanda akibomolewa hana akaunti ya benki ya kumwinua. Tangazo la mahakama kuhusu mto lilikuwa zuri. Ila watu wa kingoni hawakuwa na kiti katika ulezi wake. Hofu yako, dada, ina msingi.

India nitaipitia haraka. Machi 2017 mahakama ya Uttarakhand ilizitambua Ganga na Yamuna kuwa watu kisheria. Serikali ya jimbo ikauliza: mto ukifurika ukaua, waliofiwa wamdai nani? Kufika Julai Mahakama ya Juu ilikuwa imesimamisha uamuzi huo. Aliyeona mafuriko ya Mathare ya Aprili 2024 hawezi kulicheka swali hilo.

Turudi nyumbani. Mgeni wenu pengine hakuwaambia kwamba Katiba ya 2010 imeshatupa sehemu kubwa ya anachokitamani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Kesi yake ilitupwa, kwa hoja kwamba hakuonyesha jengo hilo lingemdhuru yeye binafsi kwa namna gani. Jengo lilikufa kwa kelele za wananchi na wafadhili kujiondoa, si kwa msaada wa korti. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema waziwazi kwamba anayeshtaki kwa ajili ya mazingira halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Wewe unaweza kusimama mbele ya jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi na kusema, mto huu unauawa, basi. Tunachokosa ni mlezi aliyetajwa kwa sheria, na fidia inayorudi kuuponya mto wenyewe.

Katiba hiyohiyo haikumsahau mama yako. Kifungu cha 10 kinapotaja maadili ya taifa, haki ya kijamii na maendeleo endelevu vimeandikwa pamoja, na hakuna kilichowekwa juu ya mwenzake. Kifungu cha 43 kinampa haki ya makao yanayofaa, maji safi na usafi wa mazingira. Halafu kuna kesi ya Mitu-Bell, ambayo ningependa kila mkazi wa kingoni aijue. Ilitokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakafanya makao na kulea familia hapo, wanapata haki ya makao inayolindwa na sheria hata kama hawana hatimiliki. Zingatia maneno ardhi ya umma. Kiwanja kikiwa cha mtu binafsi, hesabu inabadilika, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua chumba cha mama kimekaa kwenye ardhi ya nani.

Na ukisikia mtu akisema watu lazima waondolewe ili mazingira yapone, kumbuka Waogiek, jamii ya wenyeji wa asili wa msitu wa Mau. Serikali ilitetea kuwaondoa kwao kwa hoja ya kuulinda msitu huo, chemchemi ya mito mingi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, ilisema hapakuwa na ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157. Hoja ya mazingira ni hoja nzito, lakini anayeileta lazima aithibitishe kama hoja nyingine yoyote: huyu unayemwondoa ndiye kweli anayeharibu?

Swali hilo tuliulize Mathare. Simama darajani asubuhi utazame. Mabomba ya plastiki yametokeza kwenye kuta za mabati, kila moja na nyumba yake. Vyoo vimeegemezwa juu ya maji. Chini kidogo kuna mapipa ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, moto umewashwa, maji machafu ya mtambo yanarudi palepale mtoni. Siwatakasi watu wa kingoni, wanauchafua mto. Lakini geuza macho kwenye shimo la bomba kuu la majitaka lililofumuka, linalomwaga mtoni usiku na mchana. Uchafu wa mama yako ni ndoo. Uchafu wa bomba lile ni wa maelfu ya nyumba za mitaa iliyo juu, zenye choo cha kuvuta maji na bili inayolipwa kila mwezi. Wenye nyumba hizo wanaamini uchafu wao umeshughulikiwa. Nenda Eneo la Viwanda, kando ya mto Ngong, utaona maji yanayobadilika rangi, na mwenye kiwanda ana leseni iliyotundikwa ukutani. Anayetupa kwa sababu hakuwekewa bomba na anayetupa kwa sababu bomba litampunguzia faida hawawezi kuhesabiwa sawa.

Mahakama zetu zimewahi kuliona hilo. Mwaka 2006, katika kesi ya Peter Waweru iliyohusu majitaka yaliyoingia mto Kiserian, Mahakama Kuu ilisimamisha mashtaka dhidi ya wenye majengo wachache kwa kuwa yalikuwa ya ubaguzi, wengine waliofanya vilevile hawakuguswa. Lakini haikuishia hapo na kuuacha mto ufe. Ilieleza kwa kirefu wajibu wa wenye majengo na wa serikali kuhusu majitaka yale, na haki ya vizazi vijavyo. Ni hukumu ya zamani kidogo, lakini ukitaka kuona jaji akishika pande mbili bila kuangusha mmoja, isome.

Tena kuna watu ambao katika mijadala ya Nairobi hatuwataji kabisa. Maji ya Mathare huingia mto Nairobi, na mto Nairobi huingia Athi, unaopita Machakos na Makueni, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Kuna mkulima huko chini anayemwagilia sukuma wiki kwa maji tuliyoyaharibu sisi, na kuna ng'ombe wanaoyanywa. Naye ni maskini. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba upande mmoja kuna mto na upande wa pili kuna watu. Watu wako pande zote mbili, na walioumizwa na mto mchafu mara nyingi wana uwezo mdogo kuliko hata wa kingoni Mathare.

Sasa lile gumu. Kama chumba cha mama kiko ndani ya mahali ambapo maji hufika mto ukifurika, anapaswa kuhama. Nisingekuwa mtu mkweli kama ningekuambia vinginevyo. Mafuriko ya 2024 yaliua watu Mathare, na mvua ijayo haitauliza nani ana hatimiliki. Mto unahitaji nafasi yake ya kutanuka, na mama yako anahitaji kulala bila kusikiliza maji. Katika hilo haki mbili zinadai kitu kimoja. Ugomvi wangu na serikali ni namna na mahali.

Mwaka ule watu waliambiwa waondoke kwa saa chache, tingatinga likafuata, na ahadi ikawa Sh10,000 kwa kila kaya. Nairobi hiyo, Sh10,000 haivuki kodi na amana ya chumba kipya, kubeba vyombo, na wiki mbili bila kibarua. Wengi walihamia kingo nyingine za mto. Halafu kuna jambo la mpangaji. Mwenye chumba cha mama huenda haishi Mathare kabisa. Fidia ya jengo ikilipwa inakwenda kwa mwenye mabati, na mpangaji anabaki na godoro na jiko lake barabarani. Nimeketi na akina mama waliokosa kuorodheshwa kwa sababu caretaker, msimamizi wa nyumba, alipeleka majina yake mwenyewe. Mwambie mama asifute ujumbe wa M-Pesa wa kulipa kodi. Achapishe taarifa ya mwaka mzima. Hiyo ndiyo stakabadhi yake ya upangaji.

Ajue pia kwamba alama ya X ya rangi nyekundu inayochorwa ukutani mwa nyumba ya kubomolewa si notisi. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka watu wanaoondolewa kwenye ardhi ya umma wapewe notisi ya maandishi angalau miezi mitatu kabla, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na redioni. Wakati wa kuondoa lazima wahusika wajitambulishe, na wanawake, watoto, wazee na walemavu walindwe. Mafuriko yakija, kuwahamisha watu usiku huo kuokoa maisha ni sawa na ni lazima. Ila kumtoa mtu majini ni jambo moja, na kumnyang'anya makao yake ni jambo lingine. La pili linahitaji notisi hata kama la kwanza limefanyika jana.

Kuhusu umbali wa nyumba kutoka mtoni, usikubali kuambiwa mita 30 kama amri kutoka mbinguni. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja upana kamili wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyorekodiwa. Kwa kijito chembamba, 6 na 30 ni tofauti ya safu nzima za nyumba. Anayekuja na kamba ya kupimia aseme kwa maandishi anatumia kanuni ipi na anapimia wapi. Na kamba hiyo ianze juu, kwenye mitaa yenye mageti, ishuke hadi kwenu. Mwaka 2018 tuliona South End Mall ya Barabara ya Lang'ata na Ukay Centre ya Westlands zikibomolewa, na wengi tukasema sasa sheria imepata macho. Kisha shughuli ikapoa kabla ya kuwafikia wengine wengi wenye nguvu.

Kwa hiyo mkidai haki za mito ya Nairobi, daini na haya ndani ya sheria hiyohiyo. Baraza la walezi ambalo nusu yake ni wakazi wa kingoni, wapangaji wakiwemo, na wawakilishi wa huko chini Machakos na Makueni. Utaratibu wa nani anaanza: kwanza mabomba makuu ya majitaka, kisha viwanda, kisha majengo ya kudumu yaliyojengwa kingoni kwa vibali, ndipo vyumba vya mabati, na hakuna chumba kinachoguswa kabla ya makao mapya kuwa tayari karibu na kazi na shule. Faini na fidia ziingie mfuko wa mto wenyewe, na kazi ya kuusafisha wapewe vijana wa hapo kwa mshahara, msiendelee kujitolea milele.

Wapo watakaosema haiwezekani. Waonyesheni Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la upangaji maalumu, lenye kaya zaidi ya 100,000. Wakazi wenyewe, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na vyuo vikuu, walihesabu nyumba, wakachora ramani, wakabishana mtaa kwa mtaa barabara ipite wapi na nani asogee. Kazi ilikuwa ndefu na haijakamilika, lakini barabara na mabomba ya majitaka yalifika mahali palipokuwa pameandikwa pa kubomolewa tu. Mkitaka mfano mdogo zaidi, vijana wa Komb Green kule Korogocho wamegeuza sehemu ya ukingo iliyokuwa jaa kuwa bustani ya watu.

Dandora inanisumbua zaidi. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora lihamishwe ndani ya miezi sita na uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi ukomeshwe. Miezi sita ilipita zamani, na jaa halijahama. Maelfu ya watu huishi kwa kuokota plastiki na vyuma pale, na mpango wowote wa kulihamisha usiowapa nafasi yao utagonga mwamba uleule. Ushindi wa kortini bila watu waliojipanga kuusukuma ni karatasi. Ndiyo maana nimefurahi kwamba ninyi mmeanza na kikundi, hata kabla ya kesi.

Jumamosi ijayo, kabla ya kushika reki, fanyeni kazi hii. Chora ramani ya sehemu yenu ya mto, mweke alama kila bomba linalomwaga na mpige picha zenye tarehe. Andikeni orodha ya kila kaya, mpangaji na mwenye chumba kando kwa kando, miaka aliyokaa na watoto wangapi. Kisha andikeni barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Kaunti, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ulizeni mambo matatu: ukingo wa mto wenu umepimwa wapi, nani ana leseni ya kumwaga maji machafu juu yenu, na kuna mpango gani wa kuwahamisha wakazi. Sheria inazipa ofisi hizo siku 21 kujibu, na saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai wa mtu, kwa hiyo mvua ikikaribia tajeni mafuriko katika mstari wa kwanza. Pelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hamtatozwa chochote.